Kisomaji cha USB au Greaseweazle? Uzoefu wangu na disketi 31 za zamani

Mama alikuwa anasema, mimi napiga chapa. Barua zake zote za kati ya mwaka 1993 na 1999 ziliandikwa hivyo, zikaishia kwenye disketi za inchi 3.5 nilizozitia kwenye boksi la viatu na kuzisahau. Nilipolifungua boksi nilikuta disketi 31, lebo zimefifia, na kompyuta niliyonayo sasa haina hata pa kuzitumbukiza.

Nikaanza na njia rahisi: kisomaji cha flopi cha USB, vile vyepesi vya plastiki visivyo na jina la maana. Unachomeka, kompyuta inakitambua, unaanza kazi. Sikisingizii, disketi nzima kinazisoma vizuri, na 19 zilitoka zote bila tatizo. Kikikutana na yenye kasoro ndipo uvivu wake unapoonekana. Kinakoroma kidogo, kinakata tamaa, halafu Windows inakuuliza kama ungependa kuifomati disketi, yaani kuifuta na kuiandaa upya. Usikubali! Ujumbe ule hausemi kwamba disketi ni tupu. Mara nyingi kilichoharibika ni sekta ya mwanzo tu (sekta ni kile kipande kidogo cha data ambacho disketi imegawanywa), na barua zako ziko palepale zinakusubiri.

Jambo jingine la kufanya kabla ya yote: sogeza kile kijidude cha plastiki kwenye kona hadi tundu libaki wazi. Hapo disketi haiandikiki tena. Kompyuta nyingine huandika vitu vyake vidogo kwenye diski bila kuomba ruhusa.

Sasa niungame. Disketi ya ishirini ilikuwa na madoa ya ukungu ambayo sikuyaona kwa sababu sikuangalia. Niliiingiza, ikatoa sauti ya kukwaruza, nami nikairudisha mara tatu kwa ubishi. Ule utando wa sumaku ukabanduka na kuganda kwenye kichwa cha kisomaji, kisha kichwa hichohicho kikaichora disketi iliyofuata. Ile ya pili haikuwa na ugonjwa wowote. Niliiua mimi. Tangu siku hiyo kila disketi naifungua kwanza kile kifuniko chake cha chuma, nazungusha kitovu cha nyuma kwa kidole na kukagua uso wake wote kwenye mwanga. Na kichwa nakifuta kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili kila nikisikia mlio nisioupenda.

Kwa disketi 12 zilizobaki nilinunua Greaseweazle. Ni kadi ndogo ya umeme: upande mmoja USB, upande wa pili kebo pana ya pini 34 inayokwenda kwenye draivu ya flopi ya kawaida, ile iliyokuwa ikifungwa ndani ya kompyuta za zamani. Kwa hiyo inabidi uitafute draivu yenyewe pia, na umeme wake. Tofauti yake na kisomaji cha USB ni kwamba haikisii kuna nini kwenye disketi. Inarekodi mabadiliko ya sumaku kama yalivyo, mzunguko baada ya mzunguko, kisha programu kwenye kompyuta ndiyo inayotafsiri. Mbili kati ya zile 12 hazikuwa mbovu hata kidogo. Zilikuwa za Macintosh za kilobaiti 800, nilizozitumia kwenye maabara ya chuo, na kisomaji cha USB hakiwezi kuzisoma hata zikiwa mpya, kwa kuwa data yake imepangwa kwa namna nyingine kabisa.

Kasoro yake: programu yake yenyewe haina vitufe vya kubofya. Unaandika amri, na siku ya kwanza nilipoteza jioni nzima kwa sababu nilichomeka kebo kinyume. Ila ukishazoea, kuna raha yake. Inakuchorea ramani ya disketi, nukta kwa kila sekta nzima na X kwa kila iliyoshindikana. Disketi ya megabaiti 1.44 ina sekta 2,880 za baiti 512 kila moja, nami nilikuwa nakaa nazihesabu X zikipungua kila nikijaribu tena. Kuna iliyoanza na X zaidi ya 40. Nikasafisha kichwa, nikairudia, zikabaki 6.

Katika zile 12, disketi 8 zilitoka kamili, 3 zina mapengo, 1 ndiyo ile marehemu. Ile ya ukungu imo kwenye hizo tatu, sijui niseme nini. Kisomaji cha USB nakipa nyota tatu, Greaseweazle nyota nne na nusu. Ukiwa na disketi mbili tatu zilizotunzwa vizuri, cha USB kinatosha. Vyovyote vile, kwanza nakili disketi nzima iwe faili moja kwenye kompyuta, halafu uchokonoe nakala hiyo. Usifungue barua mojamoja kutoka kwenye disketi yenyewe, maana kila msomo unaweza kuwa wa mwisho.

Halafu likaja la mafaili kutofunguka. Nilitumia WordPerfect 5.1, programu ya kuandikia ya zamani, ambayo haikulazimisha herufi za mwisho za jina, kwa hiyo nilijibunia majina kama BARUA7.MAM na kujiona mjanja. Kompyuta ya leo haijui MAM ni nini. Nililifungua moja kwa programu ya maandishi matupu, nikaona WPC, alama ya mafaili ya WordPerfect, pale mwanzoni katikati ya takataka, nikajua ni lenyewe. LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, ikalifungua bila kelele, hata mistari iliyokolezwa ilikuwepo.

Barua moja ya 1996 imepoteza sekta mbili, baiti 1,024, katikati kabisa. Mama anaanza kumweleza dada yake kwa nini hatakwenda harusini, kisha pengo, kisha anawasalimia watoto. Nilimpigia simu nikamsomea, nikamuuliza ile sababu ilikuwa nini.

"Sasa unaniuliza mimi," akasema, "si wewe ndiye uliyekuwa unaandika?"