Kuku wa maabara mezani kwangu: pakiti ya gramu 120 kutoka Singapore

Nimeinunua kwa hela yangu, sikupewa na mtu. Inaitwa GOOD Meat 3, ina seli za kuku zilizokuzwa maabara badala ya kuku wa kuchinjwa, na mwaka 2024 iliuzwa kwenye friza za Huber's Butchery, bucha lililoko Dempsey hapa Singapore, mtaa uliokuwa kambi ya jeshi la Waingereza. Pakiti ilikuwa ya gramu 120, bei dola 7.20 za Singapore. Kwa hela ya nyumbani Tanzania ilikuwa kama shilingi 14,000, na pale soko la Mawenzi, Morogoro, hela hiyo ningekamata kuku wa kisasa mzima na nyanya juu.

Kazi yangu ni kulisha seli. Mwaka wa nne sasa nashika pipeti, nabadilisha lishe kwenye chupa, nachungulia kwenye hadubini kama zimeshikana vizuri au zimeanza kufa. Kwa hiyo pakiti hii sikuinunua kwa udadisi wa mtalii. Nilitaka kula kitu ambacho najua jasho lake.

Nusu niliikaanga kwa chumvi tu, ili nionje yenyewe. Inatoka kwa nyuzinyuzi kama kidari kilichochambuliwa, inashika rangi haraka pembeni, na harufu ni ya kuku kweli, si ya maharage. Ukitafuna kuna ulaini ambao kidari hakina, mwishoni nyuzi zinaachia mapema mno. Nusu nyingine niliipika mchuzi wa nazi, kitunguu, tangawizi na ndimu kidogo, nikala na wali. Hapo ilipendeza, maana inanyonya tui vizuri. Nilichokosa ni ule utamu wa mfupa unaokaa kwenye mchuzi, na ngozi.

Ile 3 kwenye jina ni asilimia. Seli za kuku ni asilimia 3 tu, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni protini ya mimea. Piga hesabu: gramu 3.6 kwenye pakiti nzima. Nilikata kidari cha kawaida nikaweka kwenye mzani mpaka ukasoma 3.6, na kile kipande hakikuzidi ncha ya dole gumba langu. Kuna watakaoona wamepunjwa. Mimi nawapa heko kwa kuandika ukweli kwenye jina la bidhaa, kwa sababu idadi hiyo ndiyo inayokuambia shida iko wapi: seli zinakula ghali.

Lishe ya seli ni sukari, chumvi, asidi amino, vitamini, na protini za kuziamuru zikue, ambazo ndizo zinazoua bajeti. Zamani kila mtu alitegemea seramu, yaani majimaji yanayotolewa kwenye damu ya ndama walio tumboni mwa mama zao. Singapore iliidhinisha kuku wa GOOD Meat Desemba 2020, nchi ya kwanza duniani, lakini ruhusa ya kutumia lishe isiyo na seramu ilikuja Januari 2023. Sasa ukiitoa seramu, unaweka nini badala yake, na kwa kiasi gani?

Hapa ndipo akili mnemba ina kazi halisi. Chukua viungo 14 vya lishe, kila kimoja ukijaribu kwa viwango vitatu: unapata michanganyiko zaidi ya milioni 4.7, na kila mmoja unataka siku kadhaa kwenye inkubeta, kabati la joto la kukuzia seli. Hakuna binadamu wa kuimaliza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha mwaka 2022 kazi ya viungo 14 hivyo hivyo. Programu yao inasoma matokeo machache, inakisia mchanganyiko upi utafaa, inajua pia wapi haina uhakika, kisha inachagua jaribio linalofuata. Ilitoa lishe iliyokuza seli kwa asilimia 181 zaidi ya lishe ya kawaida ya dukani yenye gharama karibu sawa, kwa majaribio pungufu ya asilimia 38 kuliko njia waliyoilinganisha nayo. Zilikuwa seli za misuli ya panya, si kuku, lakini mimi niliposoma nilisimama nikazunguka chumba.

Nimeshatumia programu ya aina hiyo, na imenifundisha kwa uchungu. Kwenye maabara moja niliyopitia, tulikuwa wawili tunahesabu seli. Mwenzangu alizihesabu zilizokufa pamoja na hai, mimi nilihesabu hai tu, na hakuna aliyeandika tofauti hiyo daftarini. Tuliilisha programu namba zote pamoja. Ikatupeleka kwenye mchanganyiko wenye chumvi kali, seli zikasinyaa kama dagaa juani. Wiki sita zilikwenda, na lishe ya bei mbaya ikamwagwa kwenye sinki. Mashine ilifanya sawasawa na tulichoiambia.

Ninayeishi naye ni dada wa Unguja, hakuonja. Baraza la Kiislamu la hapa, MUIS, lilitoa fatwa mapema mwaka 2024 kwamba nyama hii inaweza kuwa halali ikiwa seli zimetoka kwa mnyama anayeliwa na hakuna najisi iliyoingia katika utengenezaji. Kwenye pakiti yetu hatukuiona alama ya halali, basi akala wali na mboga, nami nikapika kwenye sufuria yangu.

Nilimpigia mama kwa video, yeye ana genge la chakula karibu na stendi ya Msamvu. Baada ya shikamoo nikamwonyesha sahani. Akaitazama kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, huyo hakuchinjwa?" Nikamwambia hakuchinjwa, mama. Akaniuliza bei kwa kilo. Dola 60, nikamgeuzia kwa shilingi. Akasema, "Mkishusha, uniambie."

Kwa mlo wa kila siku, bado, simshauri mtu. Kwa anayetaka kuonja kazi ilipofikia, ukiikuta inauzwa, inunue, na uipike na mchuzi. Pakiti ya pili iko kwenye friza yangu, nimeiandikia tarehe kwa kalamu ya maabara. Ikitoka yenye asilimia kubwa kuliko hii, nitazipika siku moja, sufuria mbili, chumvi sawa.