phyphox ndani ya gari: tumia GPS, achana na kihisi cha mchapuko

phyphox ni programu ya simu kutoka Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, inayotumia vihisi vya simu kufanya majaribio ya fizikia. Ni ya bure na haina matangazo. Kwa lile swali la darasani la nguvu inayohitajika kuongeza spidi ya gari inafaa sana, ila isikudanganye: kilowati haikupi. Inakupa spidi na muda, hesabu unapiga mwenyewe.

Wengi hukimbilia jaribio la mchapuko (kasi ya spidi kubadilika), na hapo ndipo wanapokwama. Ukikanyaga mafuta, pua ya gari huinuka. Simu ikiinama nyuzi 2 tu, mvutano wa dunia unapenyeza takriban 0.34 m/s² kwenye namba zako. Kipimo kisichohesabu g, yaani mvutano huo wa dunia, nacho hutegemea simu kukisia chini ni wapi, na mchapuko wa sekunde kadhaa huivuruga. Hata hitilafu ndogo ya 0.05 m/s², ukiijumlisha kwa sekunde 10, tayari ni nusu mita kwa sekunde.

Jaribio la GPS ndilo la kufungua. Spidi inakuja kwa m/s moja kwa moja. Simu ikae karibu na kioo cha mbele, na usiondoke hadi namba ya usahihi wa mlalo itulie kwenye mita chache. Udhaifu wake ni kwamba simu nyingi hupata kipimo kimoja tu kwa sekunde, kwa hiyo chora grafu na usome muda kwenye mstari, usichukue nukta mbili za karibu.

Usianzie sifuri, maana klachi inateleza. Anzia 40 km/h hadi 80 kwenye gia ya pili, barabara tambarare isiyo na magari, abiria akiwa ndiye mwenye simu. Kwenye otomatiki grafu hupata kibonde gia inapobadilika.

Mfano: gari na watu wawili, kilo 1,150, kutoka 11.1 hadi 22.2 m/s kwa sekunde 5. Nishati mwendo iliyoongezeka, ½m(v₂² − v₁²), ni kama kilojuli 213. Gawa kwa 5: kilowati 42.6. Upepo na matairi kwa gari dogo hula kama 4 zaidi kwenye 60 km/h, kwa hiyo magurudumu yanatoa karibu 47. Usishangae kwamba karatasi ya gari imeandika zaidi: gia zinakula sehemu, na injini haikuwa kwenye kilele chake muda wote.

Kosa la kila darasa ni kuzidisha kani (masi mara mchapuko) kwa spidi ya mwisho. Hapo unapata 57, ambayo ni nguvu ya nukta ile ya mwisho, si wastani. Kosa la pili ni kusahau kugeuza km/h: jibu linavimba mara 13. La tatu ni mteremko. Mwinuko wa 1% tu ni karibu kilowati 1.9 kwenye 60 km/h, na macho hayauoni. Enda na urudi, kisha chukua wastani.

Linalokera ni kwamba hakuna mahali pa kuingiza masi. Kihariri chao cha wavuti kinakuruhusu kutengeneza jaribio lako lenye kisanduku hicho, kwa mwalimu mwenye jioni moja ya kupoteza. Asiye nayo atoe faili la Excel; safu ya spidi imo humo tayari.