Kingston A400 ya GB 240: inafaa laptopu kuukuu, ila Windows haiioni mpaka iandaliwe

Kwa laptopu za mtumba ambazo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) hununua zikiwa bado na diski ya kuzunguka, hii ndiyo SSD (diski ya chipu) ya kuanzia. Husoma hadi MB 500 kwa sekunde, huandika hadi 350, na haina kinachozunguka ndani, kwa hiyo mtikisiko wa bodaboda hauiui upesi. Udhaifu wake ni mafaili makubwa: ukihamisha video nyingi kwa mpigo, kasi hushuka sana.

Wengi huirudisha dukani wakisema imekufa, na mara nyingi ni nzima. Hutoka kiwandani tupu, haina hata herufi ya diski (kama D:), ndiyo maana haionekani kwenye This PC. Bofya kulia kitufe cha Start, fungua Disk Management. Ukiulizwa aina ya jedwali la kugawa diski, chagua GPT, ya kisasa. MBR, ya zamani, ni kwa mashine isiyo na UEFI (mfumo mpya wa kuwasha kompyuta) ambayo Windows yake itawakia kwenye SSD hii. Halafu bofya kulia eneo la Unallocated, chagua New Simple Volume, mfumo wa mafaili NTFS, ipe herufi. Itasoma kama GB 223, na hujaibiwa: kiwanda huhesabu kwa 1000, Windows kwa 1024.

Isipoonekana hata hapo, ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) kwa kubonyeza F10 kwa HP au F2 kwa Dell unapowasha. Ikikosekana na huko, shuku mguso kwanza. A400 ina unene wa mm 7, wakati laptopu nyingi za zamani zina nafasi ya mm 9.5, hivyo hucheza na kuachia pini. Zima, toa betri, futa vumbi kwa brashi kavu (la Dodoma hupenya kila tundu), weka kipande cha plastiki cha mm 2.5, kisha ifunge kwenye fremu ya diski ya zamani kwa skrubu zake nne. Kagua pia ule waya bapa wa diski. Ukikunjika, hukata mawasiliano.

BIOS ikiiona lakini kisakinishi cha Windows hakiioni, humo kwenye BIOS badili hali ya SATA (njia ya kuunganisha diski) kutoka RAID kwenda AHCI. Fanya hivyo kabla ya kusakinisha tu. Windows iliyokwisha sakinishwa inaweza kugoma kuwaka.

Kabla ya kudai waranti, ambayo ni ya miaka 3, ijaribu kwa adapta ya USB kwenye mashine nyingine. Ikikataa na huko, irudishe na risiti, kasha la SSD yenyewe likiwa halijafunguliwa.