Inchi 6.1 au 6.6: mwezi mmoja wa kubadilishana simu na mume wangu

Mwishoni mwa mwaka 2023, nilipokwenda Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo kununua simu, muuzaji aliniwekea mezani Samsung mbili zilizofanana kama mama na mtoto wake: Galaxy S23 na Galaxy S23+. Kabla sijauliza chochote alinisogezea ile ndogo na kuniambia, "Dada, hii ndiyo ya mkono wako; hiyo kubwa mwachie shemeji." Nilicheka, nikalipa, nikaondoka na ndogo. Mume wangu, ambaye tulikuwa naye siku ile na ambaye kiganja chake hukamata nazi iliyofuliwa bila kusaidiwa na kiganja cha pili, akachukua kubwa, na hakuna kati yetu aliyeona sababu ya kumbishia muuzaji.

Tuliishi hivyo kwa mwaka mmoja na nusu. Mimi ni mfasiri, na sehemu kubwa ya siku yangu hupita katika kusoma maandishi ya watu wengine, mara kwenye kompyuta ofisini, mara kwenye simu nikiwa popote pale. Nilipovuka miaka 44 nilianza kuilaumu simu kwamba herufi zake zimekuwa ndogo, na kila nilipomwona mume wangu amejiegemeza kwenye kochi na kioo chake kipana nilihisi kwamba nilidhulumiwa tangu siku ile ya Kariakoo. Ndipo nilipomwomba tubadilishane kwa mwezi mmoja. Kuhamisha laini kulichukua dakika mbili, ila kuhamisha mazungumzo na picha kulikula jioni nzima.

Jozi hii ya simu inafaa sana kwa ulinganisho wa aina hii. Mara nyingi mtu akisema simu kubwa ni bora, anailinganisha simu kubwa ya bei ghali na ndogo ya bei nafuu, na kile anachokisifia ni kamera au kasi, wala si ukubwa. S23 na S23+ zilitoka pamoja mwezi Februari 2023, zina prosesa ileile ya Snapdragon 8 Gen 2, na kamera zake tatu za nyuma, zikiongozwa na ile ya megapikseli 50, hazitofautiani. Hata nukta za kioo ni zilezile, 1080 kwa 2340, isipokuwa katika simu kubwa zimetandazwa kwenye eneo pana zaidi. Kwa hiyo karibu kila tofauti niliyoiona katika mwezi ule ilitokana na umbo lenyewe.

Jambo la kwanza nililolifanya ni kuchukua rula ya mwanangu. Inchi zinazotajwa dukani hupimwa kwa mshazari, yaani kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe inayoikabili, na kwa sababu hiyo kioo kikirefushwa bila kupanuliwa, inchi huongezeka huku upana ukibaki palepale. Ndiyo maana iPhone 8 Plus ya mwaka 2017, iliyokuwa na kioo cha inchi 5.5 tu, ina upana wa milimita 78.1, ilhali S23+ yenye inchi 6.6 ina milimita 76.2. Anayesoma namba ya inchi peke yake ataamini kwamba simu ya pili imeipita ya kwanza kwa kila hali, kumbe aliyezishika zote mbili anajua ni ipi inayokilazimisha kiganja kupanuka. Hizi zetu zinaachana kwa milimita tano na kitu kwa upana, kiasi kisichofikia hata unene wa penseli, na kwa zaidi ya milimita kumi na moja kwa urefu. Eneo la kioo linaongezeka kwa takriban asilimia 17, na uzito nao, kutoka gramu 168 hadi 196, unaongezeka kwa kiasi hichohicho, kana kwamba mtengenezaji alikuwa anauza kioo kwa mizani.

Nilitarajia kwamba asilimia 17 ingeniokoa katika kusoma. Nyaraka ninazoletewa huwa ni faili za PDF zilizopangwa kwa karatasi ya A4, ambayo ina upana wa milimita 210. Kioo cha S23 chenyewe, ukiacha fremu, kina upana wa milimita 65 hivi, na cha S23+ kama 70. Ukurasa ulioandikwa kwa herufi za pointi 12 ukibanwa uenee katika milimita 65, herufi zake zinashuka hadi chini kidogo ya pointi 4. Ukibanwa katika milimita 70, zinafika pointi 4 kamili. Hakuna jicho la mtu wa makamo linaloweza kufurahia tofauti hiyo. Nilipoilaza simu kubwa kwa ubavu nilipata herufi za karibu pointi 9, lakini ndogo nayo ikilazwa hutoa 8, na zote mbili hukuonyesha mistari michache tu kabla hujasogeza ukurasa. Siku ya tatu nilikuwa nimekubali, kwa uchungu kiasi, kwamba nilikuwa nadai kutoka kwa simu kitu ambacho hutolewa na tableti.

Habari inabadilika kidogo kwa maandishi yanayojipanga upya kulingana na kioo, kama vile ujumbe na habari za magazeti, na hapa lugha yetu ina neno lake la kusema. Kiswahili hufunga sentensi nzima ndani ya neno moja: hawajatuletea, tutakapowatembelea, aliyekwishamwambia. Ukikuza herufi ili usome bila kukunja uso, mstari wa simu nyembamba hubeba maneno matatu, na neno la nne likiwa refu linaangukia mstari wa chini na kuacha pengo upande wa kulia. Milimita tano za nyongeza mara nyingi ndizo zinazolipa neno hilo la nne nafasi yake. Ni faida ndogo, lakini kwa mtu anayesoma kutwa nzima niliihisi hadi kwenye shingo, na sidhani kwamba anayesoma lugha yenye maneno mafupi angeihisi hivyo.

Hata hivyo, lawama zangu juu ya herufi hazikuponywa na simu yoyote. Katikati ya mwezi nilikwenda kupima macho na kuambiwa kile ambacho watu wengi wa rika langu huambiwa, kwamba lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu kadiri umri unavyosonga na kwamba nilihitaji miwani ya kusomea. Nilipoivaa, S23 yangu ya zamani, ambayo wakati huo ilikuwa mkononi mwa mume wangu, ilinisomeka vizuri kabisa. Nawashauri wenzangu waliovuka arobaini waanze na kipimo hicho kabla ya kuongeza fedha kwa ajili ya inchi.

Ikiwa kusoma hakukunipa sababu, kuandika kulinipa. Safu ya juu ya kibodi ina herufi kumi, kwa hiyo kwenye simu ndogo kila kitufe kina milimita sita na nusu, na kwenye kubwa kina milimita saba. Mimi huandika kwa vidole gumba viwili, kwa haraka, na katika wiki ya kwanza tu niliona kwamba nafuta mara chache zaidi. Jibu la mteja lenye aya nne, ambalo zamani ningelingojea kompyuta, nilianza kulimaliza nikiwa nimekaa kwenye foleni ya benki.

Kuhusu mkono mmoja, hapa ndipo nilipojikuta nimejidanganya kwa muda mrefu. Sababu niliyokuwa naitaja kila mara kuitetea simu ndogo ni basi la mwendokasi la hapa Dar es Salaam: natoka Kimara kwenda Kivukoni, mara nyingi nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba la juu na mwingine uko huru kwa simu. Nilipoichukua kubwa, kweli kidole gumba changu hakikufika juu ya kioo, na ile hali ya mkono mmoja iliyomo kwenye mipangilio, inayoushusha ukurasa mzima chini, niliiona kama kuvaa kiatu cha kuazima. Lakini baada ya siku chache nilijiuliza ni mara ngapi, nikiwa na S23, niliwahi kuitoa simu ndani ya basi lililojaa. Jibu la kweli ni kwamba karibu sikuwahi. Huwa naizamisha chini kabisa ya pochi na kuukumbatia mkoba hadi nishuke, kama wanavyofanya akina mama wote walionizunguka. Nilikuwa nimechagua simu kwa ajili ya safari ambayo ndani yake simu haitoki.

Mwenzangu mambo yalimwendea tofauti. Yeye ni fundi umeme wa majumbani, na saa zake za kazi huzipitisha juu ya ngazi, mkono mmoja ukiwa kwenye waya au ukutani. Anahitaji kuwasha tochi, kupiga picha ya soketi iliyoungua, kupokea simu ya mteja na kumtumia gharama za vifaa, yote hayo kwa mkono uliobaki. Simu kubwa haikuwahi kumtosheleza kwa hilo, licha ya kiganja chake, kwa sababu kidole gumba cha mtu yeyote ninayemfahamu hakiwezi kufika pembe ya juu ya simu yenye urefu wa karibu sentimita 16 bila simu kuteleza mkononi. Mfuko wa shati nao ulikuwa tatizo: S23+ ilichungulia nje kwa kiasi cha vidole viwili, na kila alipoinama ilitaka kumtangulia sakafuni. Ile ndogo ilizama mfukoni na kutulia. Siku ya kumi hivi aliniuliza, bila kunitazama, "Mama Nasra, huo mwezi wako lazima uishe?"

Muuzaji wetu alikuwa amepima viganja, na watu wengi hufanya hivyo. Alichopaswa kutuuliza ni mikono mingapi huwa huru tunapoitumia simu, na inakaa wapi tusipoitumia. Mwenye kiganja kidogo anayekaa mezani na kubeba pochi hana shida na simu kubwa. Mwenye kiganja kikubwa anayefanya kazi kwa mkono mmoja ana shida nayo kila saa.

Betri ndiyo iliyonivuta zaidi ya yote, na naona aibu kidogo kwamba sikuifikiria mapema. Simu kubwa huwa na nafasi ndani yake: S23 ina betri ya mAh 3,900 (kipimo cha chaji ambayo betri hubeba) na S23+ ina ya 4,700, sawa na nyongeza ya asilimia 20, yaani betri imekua kuliko kioo kinachoitumia. Kwa matumizi yangu, ndogo ilianza kuomba chaji mnamo saa kumi na moja jioni, na kubwa ilinifikisha saa tatu usiku. Tena kubwa hupokea chaji kwa wati 45 ilhali ndogo huishia 25, mradi uwe na chaja yenye uwezo huo, maana kwenye boksi haimo. Katika mtaa ambao umeme una siku zake, saa nne za ziada si jambo la kupuuza. Mume wangu hakuona hasara upande wake, kwa kuwa fundi umeme hakosi pa kuchomeka.

Kitandani ndiko simu kubwa inakonishinda. Gramu 28 ukiwa umesimama ni kitu cha kuchekwa; ukiwa umelala chali, simu iko juu ya uso na kidole kidogo cha mkono kimeibeba kwa chini, baada ya nusu saa zinageuka jiwe. Imeshaniangukia puani mara mbili. Nimebandika nyuma yake kishikio cha pete, na hali imekuwa afadhali, ingawa sasa hailali sawasawa mezani.

Nitaje pia jambo moja kwa wale wanaoingia sokoni leo, kwamba hiyo ninayoiita ndogo ingeitwa jitu miaka michache iliyopita. iPhone ya kwanza, mwaka 2007, ilikuwa na kioo cha inchi 3.5, na Galaxy Note ya mwaka 2011 ilichekwa kwa inchi zake 5.3. Apple ilijaribu kuwarudia wapenda udogo kwa iPhone 12 mini na 13 mini, zote za inchi 5.4, kisha mwaka 2022 ikaiondoa mini kwenye toleo jipya na kuweka Plus ya inchi 6.7 mahali pake. Pale Kariakoo, simu nyingi za bei ya chini sasa zinaanzia inchi 6.5, na anayetaka kifaa cha kisasa chenye inchi 6.1 au 6.2 hana budi kupanda hadi rafu za bei ya juu. Mwenye bajeti ndogo, kwa hiyo, mara nyingi ameshachaguliwa ukubwa kabla hajafika dukani, na ushauri wangu wa mikono huru utamsaidia tu katika kuamua kama anunue kava yenye kishikio.

Mwezi ulipoisha hakuna aliyerudisha simu ya mwenzake. Mume wangu alikumbusha kwamba yake ilinunuliwa kwa bei ya juu zaidi na akadai nimfidie tofauti. Nikamwambia achague kati ya fedha na kava ngumu ya kuizuia S23 isivunjike ikianguka kutoka kwenye ngazi. Alichagua kava, na tofauti ya bei hajaitaja tena.