Uzoefu wangu: majuma tisa ya kuendesha pampu ya maji kwa spiriti badala ya petroli

Ninalima nyanya na sukuma wiki kwenye ekari moja na nusu kando ya mto Nyando, si mbali na Ahero, na jua linapokaza sina tegemeo jingine ila pampu ya inchi mbili yenye injini ya petroli ya nguvu za farasi 5.5. Mwezi wa Aprili 2022, petroli ilipoadimika nchini, nilipanga foleni na mtungi wangu nusu ya siku nikarudi nao mtupu, ilhali nimetoka kuhamisha miche. Tangu hapo nilikuwa na hamu ya kujaribu spiriti, kwa kuwa ukipanda barabara kuelekea Muhoroni unaisikia harufu yake kabla hujauona mji: molasi, yale mabaki mazito ya kutengeneza sukari, huchachushwa na kukenekwa hapo kuwa ethanoli, ndiyo alkoholi iliyomo kwenye spiriti. Jambo hilo si geni kwetu. Kuanzia mwaka 1983, kwa takribani miaka kumi, petroli iliyotiwa alkoholi ya Muhoroni kwa kiasi cha asilimia 10 iliuzwa humu nchini, na wazee wenye magari enzi hizo bado wanaikumbuka, wengine kwa wema na wengine kwa manung'uniko.

Nilichonunua ni spiriti ya kupikia, iliyotiwa rangi na uchungu ili isinyweke, kwa bei ya jumla ya shilingi 2,700 kwa mtungi wa lita 20. Jirani mmoja alinishauri nitumie chang'aa kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Nilimjibu kwamba, tukiacha sheria kando, chang'aa ina maji mengi yasiyojulikana kiasi, na injini haina ulevi wa kuivumilia.

Siku ya kwanza niliimimina spiriti kwenye tangi bila kubadili chochote, nikavuta kamba mpaka bega likauma. Injini iliwaka tu nilipofunga choki nusu, nayo ikakohoa na kupungua nguvu kila maji yalipofika kwenye kichwa cha mpira wa kumwagilia. Fundi wangu wa Kibuye, Kisumu, alicheka, kisha akanieleza jambo ambalo ningepaswa kulijua kabla ya kununua: petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili kilo moja iungue sawasawa, lakini ethanoli huhitaji kilo 9 tu, kwa sababu imebeba oksijeni yake yenyewe. Kwa hiyo kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, ikiwa imepimiwa petroli huinyima injini ya spiriti chakula. Alikifungua kile kipande cha shaba chenye tundu ambacho mafundi hukiita jeti, akakiweka kando, akanunua kingine kama hicho na kukitoboa kwa keekee nyembamba sana, kutoka milimita 0.65 hadi 0.80. Ninamshukuru kwa kutoigusa jeti ya asili, maana ukishalipanua tundu hulirudishi.

Baada ya hapo pampu ilifanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia. Mlio wake ulikuwa laini, moshi haukuonekana, plagi ilitoka safi bila masizi, na hata baada ya saa tatu za mfululizo niliona injini haina joto kali kama la petroli, kwa kuwa spiriti hufyonza joto jingi inapogeuka mvuke. Tabia hiyohiyo ndiyo inayoifanya kuwa nzito kuwaka alfajiri. Nchini Brazili, ambako mpango wa alkoholi ulianzishwa mwaka 1975 na gari la Fiat 147 la kutumia alkoholi tupu likatoka mwaka 1979, magari ya namna hiyo yaliwekewa kitangi kidogo cha petroli cha kuwashia tu. Mimi sina kitangi, nina kijiko. Kijiko kimoja cha petroli kwenye tundu la plagi, plagi inarudishwa, kamba inavutwa mara mbili, basi.

Sasa nifikie jambo lililonichukulia muda mrefu zaidi kulielewa, nalo ni ulaji. Niliweka lita moja ya kila mafuta, nikatumia mpira uleule na umbali uleule kutoka mtoni, nikapima kwa saa ya simu, na nikarudia kwa siku tatu tofauti. Lita ya petroli ilinipa dakika 50 kwa wastani. Lita ya spiriti ilinipa dakika 34. Sikuwa nimedhulumiwa na muuzaji wala na fundi, kwani lita ya ethanoli ina nishati ya megajuli 21 hivi na ya petroli ina 32, yaani spiriti ni theluthi mbili ya petroli hata kabla hujafungua mtungi. Ni kweli kwamba spiriti hustahimili mgandamizo (kubanwa ndani ya silinda) mkubwa kuliko petroli bila kugonga, yaani bila kujiwakia yenyewe, na injini iliyoundwa kwa ajili yake ingefidia sehemu ya upungufu huo, lakini injini hizi ndogo za dukani zina mgandamizo wa chini. Fundi alijitolea kuichonga silinda hedi, kile kifuniko cha silinda, ili kuuongeza mgandamizo; nilikataa, maana nilitaka njia ya kurudi kwenye petroli.

Wakati huo petroli nilikuwa nikiinunua kwa shilingi 178. Saa moja ya kumwagilia kwa petroli ilinigharimu shilingi 214 hivi, na saa moja kwa spiriti ya shilingi 135 ilinigharimu 238. Mtu anayelinganisha lita kwa lita huona ameokoa shilingi 43, kumbe anapoteza 24 kila saa, na mimi nilikuwa mtu huyo kwa majuma mawili mazima, nikijisifu mbele ya wenzangu wa mtoni.

Hasara nyingine zilikuja polepole. Katika juma la tatu mpira wa mafuta, ule mweusi uliokuja na pampu, ulivimba na kulainika kama utumbo, ukaanza kuvuja kwenye koki. Nilibadilisha na paipu ya plastiki. Katika juma la sita nilikuta unga mweupe kwenye bakuli la kabureta, dalili kwamba madini yake yanaliwa. Tangu hapo, kila nilipojua kwamba pampu italala zaidi ya siku mbili, niliimaliza spiriti yote na kuiendesha dakika tano kwa petroli, ingawa ilitoa moshi mweusi kwa sababu ya lile tundu pana.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuchanganya. Nilikuwa na lita tano za petroli, nikaongeza lita moja ya spiriti kwenye mtungi ambao haukukauka vizuri baada ya kuoshwa. Asubuhi niliona tabaka mbili: petroli juu, na chini spiriti iliyojivutia maji yote. Spiriti tupu yenye maji kidogo huungua bila shida, lakini ikiwa ndani ya petroli na ikakutana na maji, humwacha mwenzake na kuyafuata maji. Paipu ya tangi hunyonya kutoka chini, kwa hiyo injini ilipewa tabaka lile bovu, ikazima, na nyanya zikakosa maji siku nzima.

Kuhusu usalama, yapo mawili tu. Ndimi za moto wa spiriti ni hafifu mno mchana wa jua. Nilijua matone yaliyomwagika karibu na ekzosi yanawaka pale tu malaika ya mkono yalipoungua. Nilimwaga ndoo mbili za maji na moto ukafa, jambo ambalo usithubutu kulifanya kwa petroli, kwani itaelea juu ya maji na kusambaza moto. La pili ni kubeba risiti. Kwenye bodaboda, mtungi unaonuka pombe unahitaji maelezo, na maelezo yangu ya kwanza, kwamba ni ya pampu, yalimfurahisha sana askari lakini hayakumridhisha.

Kwa sasa pampu imerudi kwenye petroli. Jeti ya spiriti nimeifunga kwenye kikopo cha marashi, kinaning'inia bandani pamoja na bisibisi yake, na kuibadilisha hunichukua robo saa. Kila tarehe 14 ya mwezi, bei mpya za petroli zinapotangazwa, ninazidisha bei ya Ahero kwa 0.68, yaani zile dakika 34 kugawa kwa 50, kisha ninampigia muuzaji wa spiriti. Kwa shilingi 178 jibu ni 121, naye bado hajafika hapo.