Gemu moja, mashine mbili: uzoefu wangu na Xbox 360 na PlayStation 3

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuhakikisha gemu moja inakwenda sawasawa kwenye mashine mbili za kuchezea gemu, Xbox 360 ya mwaka 2005 na PlayStation 3 ya mwaka 2006. Ukisoma sifa zao utasema ni mapacha: prosesa za 3.2 GHz, memori megabaiti 512. Ukianza kuziandikia programu ndipo unapojua kwamba hawakunyonya ziwa moja.

Nianze na memori, maana ndiyo iliyoninyima usingizi. Kwenye Xbox 360 zile megabaiti 512 zimo katika chungu kimoja, prosesa na chipu ya michoro zote zinachota humo. PlayStation 3 imezigawa nusu kwa nusu, 256 za prosesa na 256 za michoro, na prosesa ikitaka kusoma kilichomo upande wa michoro inasoma polepole mno. Kwa hiyo eneo la gemu lililoenea vizuri kwenye mashine ya kwanza lilifurika kwenye ya pili, ingawa jumla ni ileile. Tulikaa wiki nzima tukipunguza picha zinazovalishwa kuta na ardhi, moja baada ya nyingine.

Halafu kuna prosesa. Ya Xbox 360 ina viini vitatu vinavyofanana, kila kimoja kinaendesha nyuzi mbili, yaani mifululizo miwili ya amri kwa pamoja, na vyote vinashirikiana keshi, memori ndogo ya kasi iliyo karibu na viini, ya megabaiti 1. Msimbo wetu wa kompyuta ya kawaida ulianza kufanya kazi humo mapema sana. Prosesa ya PlayStation 3, iitwayo Cell, ina kiini kimoja kikuu na visaidizi vinavyoitwa SPE, sita kati yake vikiwa vya gemu. Kila SPE ina kilobaiti 256 tu za kwake, na humo ndimo msimbo na data vinapobanana. SPE haiioni memori kuu moja kwa moja. Inabidi uagize data ije, fungu moja lisizidi kilobaiti 16, nalo lianze kwenye mpaka wa baiti 16, yaani anwani ya memori inayogawanyika kwa 16.

Tulikuwa na mfumo wa moshi na cheche. Kila chembe ilikuwa kitu kamili kilichobeba mahali ilipo, mwendo, rangi, umri na viungo vya kuelekea vitu vingine, vyote vimetawanyika kwenye memori. SPE haikuweza kuufuata mtawanyiko huo. Nikaandika upya: kila chembe baiti 32, zimepangwa mstari mmoja, chembe 512 kwa kila fungu. SPE inapokokotoa fungu moja, la pili linakuwa tayari njiani. Jaribio la kwanza lilizima programu nzima, na kosa lilikuwa langu: safu ilianzia baiti 8 pembeni ya mpaka. Niliposahihisha mstari huo mmoja, moshi ukapanda kwenye skrini bila kukwama, nikaita wenzangu waje kuona.

Jambo lililonibadilisha kabisa lilikuja kesho yake. Nilirudisha mpangilio uleule kwenye Xbox 360, pasipo SPE wala kuagiza mafungu, na mfumo wa chembe ukaenda kasi kuliko zamani. Sababu ipo wazi. Viini vya mashine zote mbili hutekeleza amri kwa mfuatano, na data isipokuwa kwenye keshi vinasubiri mamia ya mizunguko. Chembe zikiwa mstari mmoja, kila safari ya baiti 128 kutoka kwenye memori inaleta chembe nne kwa mpigo. Tangu hapo ushauri wangu kwa timu haukubadilika: anzieni PlayStation 3, kisha mhamie upande wa pili. Ukifanya kinyume utaandika mara mbili.

Kwenye michoro moyo wangu uko kwa Xbox 360. Chipu yake hugawa nguvu yenyewe kati ya maumbo na rangi kadiri inavyohitajika, wakati ile ya PlayStation 3 ina sehemu maalumu za kila kazi, hata wengi wetu tukawa tunatumia SPE kuchuja pembetatu za maumbo zisizoonekana kabla hazijafika huko. Ila ile memori ya pembeni ya chipu ya Xbox 360, ya megabaiti 10, ina masharti. Picha ya 1280 kwa 720 yenye rangi na kina (umbali wa kila nukta kutoka kwa mtazamaji) inachukua kama megabaiti 7, inaenea. Ukitaka kulainisha kingo mara mbili tu, inapita 14, ukalazimika kuchora skrini vipande vipande. PIX, zana ya Xbox 360 ya kuchungua fremu, niliipenda mno. Ilinionyesha kila amri ya kuchora na muda iliokula.

Diski sitazisemea sana. Blu-ray ya PlayStation 3 ilitupa nafasi tele kuliko DVD ya Xbox 360, na karibu kila PlayStation 3 ina diski kuu ndani, jambo ambalo huwezi kulitegemea kwenye kila Xbox 360.

Mwaka 2013 PlayStation 4 na Xbox One zilikuja zote na prosesa za AMD za viini 8. Nilifungua faili la zile chembe, nikafuta mistari ya kuagiza mafungu, nikabonyeza kujenga programu. Hesabu za moshi sikuzigusa hata moja.