Uzoefu wangu wa kutafuta kazi za uandishi kupitia Upwork

Kabla ya kujiunga na Upwork, jukwaa la mtandaoni linalokutanisha wateja na wafanyakazi huru, mwaka 2024, nilimwandikia wakala mmoja, niliyempata katika kundi la mtandaoni, makala nne za maneno elfu moja kila moja, kwa ahadi kwamba angenilipa mwisho wa mwezi. Mwezi ulipokwisha, alikuwa ameniondoa kundini na nambari yake haipatikani. Naanza na kisa hicho kwa sababu kimenipa kipimo ninachotumia hadi leo: fedha za mteja ziko wapi wakati mimi naandika?

Kwa Upwork, jibu linaniridhisha. Katika mkataba wa bei maalumu, yaani bei moja iliyokubaliwa kwa kazi nzima, mteja huweka fedha amana, nami naziona kwenye ukurasa wa mkataba kabla sijaandika neno. Nikishawasilisha kazi, ana siku 14 za kuikagua. Akinyamaza, fedha huachiliwa zenyewe, kisha hukaa siku 5 zaidi kabla sijaweza kuzitoa. Kwa mtu anayedaiwa kodi ya nyumba, huko ni kusubiri kurefu, lakini angalau tarehe inajulikana.

Kumpata mteja wa kwanza ndiko kugumu. Maombi ya kazi hulipiwa kwa Connects, yaani tokeni zinazonunuliwa Upwork, kila tokeni senti 15 za dola, na maombi yangu 9 ya mwanzo, yaliyokula Connects 12 kila moja, yalinigharimu dola 16.20 bila jibu hata moja. Nilipoyasoma upya nikaiona sababu: yote yalianza kwa kujisifu, ilhali mteja anapofungua orodha ya waombaji huona mistari michache tu ya mwanzo ya kila barua. Ombi la 10 lilikwenda kwa muuzaji wa kahawa wa Ujerumani aliyetaka maelezo ya bidhaa zake. Mimi nimelelewa Kirinyaga na kahawa nimeichuma tangu utotoni, kwa hiyo nilianza hivi: “Tovuti yako inasema AA ndiyo kahawa tamu kuliko zote za Kenya, lakini AA ni daraja la ukubwa wa punje, yaani zile kubwa zinazobaki juu ya chekeche; AB, daraja la punje ndogo kidogo, ikitunzwa vizuri inaweza kuishinda kwa ladha.” Alinijibu jioni ile ile akiuliza PB, daraja jingine la kahawa, ni nini, nikamweleza kuwa ni punje ya mviringo inayokua peke yake ndani ya tunda ambalo kwa kawaida huwa na punje mbili.

Kazi hiyo ilikuwa ya dola 60. Ada ya jukwaa wakati huo ilikuwa asilimia 10, hivyo nilibaki na 54, nikazipitisha PayPal hadi M-Pesa. Tangu Mei 2025 ada ya mikataba mipya inaweza kuwa popote kati ya sifuri na asilimia 15, basi ihesabu kabla ya kutaja bei yako.

Mteja akikuomba mhamie WhatsApp na mlipane huko, kataa, kwa maana amana haikufuati nje ya jukwaa, na kanuni zenyewe zinakataza jambo hilo. Wawili wameshaniomba hivyo. Wote niliwajibu kwamba nitaanza kuandika nitakapoziona fedha kwenye ukurasa wa mkataba. Mmoja alitoweka, mwingine akaziweka siku hiyo hiyo.